Urithi wa Baba Aliyehama

Je, baba aliyeacha nchi ya mababu zake, asiye tena na shamba la kuwagawia wana, atawarithisha nini? Wengi watajibu: hana kitu. Sisi tusijibu upesi hivyo.

Tumtazame John Wu, Mchina, aliyezaliwa Ningbo mwaka 1899. Alikuwa mwanasheria mkubwa, tena baba wa watoto 13. Mwaka 1937 aliingia katika Eklezia Katolika, baada ya kusoma maisha ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Mwaka 1947 serikali yake ilimtuma Roma kuwa mjumbe kwa Baba Mtakatifu. Mwaka 1949 wakomunisti walishika utawala wa China, naye akahamia Marekani, akawa mwalimu. Cheo kilikwisha.

Lakini Zaburi alikuwa amekwisha kuzitafsiri kwa Kichina, kwa mashairi ya namna ya wazee wa kale. Wala hakuitupa hekima ya Konfusio, aliyefundisha kuwaheshimu wazazi. Aliona kwamba Injili haiivunji, bali inaikamilisha. Mali ya namna hiyo haihitaji sanduku.

Hatusemi baba aache kutafuta chakula cha watoto. Hiyo ni kazi yake. Lakini sisi wazazi na mababu tujiulize: wana wetu wakienda kesho nchi ya mbali, watachukua nini kwetu? Fedha huisha njiani. Sala waliyomsikia baba akiisali jioni, kwa lugha ya nyumbani, huwafuata. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.