Mwacheni Kijana Amalize Mchezo

Kuna jambo nililoliona Gitega wiki hii ambalo limekataa kunitoka moyoni. Vijana wamebanana kwenye kibanda cha gemu, wanacheza mpira wa pleisteshen, kila mmoja kalipia mechi yake. Mama mmoja akaingia, akamshika mkono mtoto wa kaka yake. "Toka! Hivi vitu ndivyo vimekuchanganya akili!" Watu nje wakamshangilia. Kijana hakujibu, akainuka, akamfuata. Mwenye kibanda akanieleza kwamba kaletwa kutoka Muyinga baada ya kufiwa na baba, na muda mrefu hakuwa akizungumza na mtu mtaani. Pale kibandani ndipo alipoanza tena kubishana na wenzake, hata kucheka.

Sisi watu wazima tuna bao. Mzee akiondokewa na mkewe, wenzake humvuta kivulini wakamwekea kete, na hakuna anayesema bao limemharibu. Twajua anahitaji mikono ishughulike na watu wawe karibu, bila kulazimishwa kueleza kitu. Kijana akitafuta hayo hayo mbele ya televisheni, tunamwita mhuni.

Utaniambia Shirika la Afya Duniani lenyewe liliuweka uraibu wa michezo ya video kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 2019. Ni kweli. Lakini soma vigezo: mtu ashindwe kujizuia, mchezo utangulie mbele ya kila kitu, aendelee ingawa maisha yanaharibika, tena kwa kawaida kwa miezi 12. Mechi mbili baada ya shule haziko humo. Na mwaka 2017 watafiti wa Oxford na wenzao wa Sweden walichapisha jaribio lao kwa majeruhi wa ajali za barabarani. Waliokumbushwa tukio kisha wakacheza gemu ya Tetris, ndani ya saa 6 tangu ajali, hawakusumbuliwa na picha za ajali kama wenzao katika wiki ya kwanza. Wazo lao ni kwamba jicho likiwa na kazi ya kupanga vipande, picha ya kutisha hukosa nafasi ya kujikita.

Sisemi gemu inatibu msiba. Mtoto asiyelala, au anayesema heri afe, apelekwe kwa mganga wa hospitali leo hii. Nami simzuii shangazi kupanga saa wala kukataza gemu za kumwaga damu. Ninachomwomba, kwa heshima, ni akae kwenye benchi pembeni ya mtoto, amuulize nani anaongoza. Huenda mengine yakaja yenyewe.

Gemu nazo hazishuki kutoka mbinguni; huundwa na watu, hata wakimbizi. Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka 3 akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kijana akawa anatembea mwendo wa saa 3 kwenda kuichaji. Alijifunza mwenyewe, akabuni Salaam, mchezo ambamo mchezaji ni mkimbizi anayetafuta maji, chakula na usalama. Alitaka watu wacheze amani badala ya vita. Mwaka 2018 alitunukiwa Marekani kwenye The Game Awards.

Upande wa Muyinga alikotoka yule kijana, kule Gasorwe, kuna kambi ya wakimbizi ya Kinama, yenye vijana wa Kongo wanaozungumza Kiswahili hiki hiki na waliobeba mambo mazito kuliko umri wao. Wanaostahili kuunda gemu inayojua uchungu wao ni wao wenyewe. Basi mashirika yanayowahudumia yapeleke kompyuta, umeme wa jua na mwalimu. Mtasema chakula kwanza. Mama yake Mayen naye alikuwa mkimbizi mwenye watoto wa kulisha, na bado aliziweka zile dola 300.