Jumatano: Ndoo ya Ijumaa Jioni

Soma Kum. 11:10–12 na Kut. 34:21.

Musa anatofautisha bustani ya mboga ya Misri, iliyonyweshwa kwa jasho la mtu, na nchi inayokunywa mvua ya mbinguni. Sisi wa Shinyanga na Geita tunazijua zote mbili. Tangu Novemba mchicha na kunde za uani hunyweshwa na Mungu. Mwezi Mei mvua ikikatika, zamu ni ya ndoo.

Hapo swali huja, nami nimeulizwa zaidi ya mara moja: miche ya sukuma wiki iliyopandikizwa juzi itavumilia Sabato ya jua na upepo? Angalia kwamba Kut. 34:21 inataja wakati wa kulima na wa kuvuna, yaani majira yanayobana kuliko yote.

Mjane mmoja, ambaye wanawe machimboni humwambia kwamba dhahabu haina Sabato, hunywesha mara mbili siku ya maandalio, kisha hutandaza nyasi kavu. Miche michache hufa hata hivyo. Jumapili hupandikiza mingine.

Kazi gani ya majira haya unaona haiwezi kungoja jua la Sabato lichwe? Kwa nini?