Safari ya Kiangazi na Chumvi Yake



Mvua zimekwisha, maharage yamepigwa na kuanikwa, mahindi yamo ghalani, na vumbi jekundu limeanza kuinuka barabarani. Kiangazi kimefika. Nasi tukaao Kakonko, Kibondo na Kasulu twajua ya kuwa hata mvua zitakaporudi mwezi wa Oktoba, jembe litapumzika kidogo. Siku hizi ndizo za harusi na za kutazama jamaa walio mbali. Kwaya zaalikana, vijana wanena habari za kwenda Kigoma kuliona ziwa. Na siku hizi hizi huzuka shauri lile lile nyumbani na hata penye baraza la wazee wa kanisa: Je, ni halali Mkristo kutumia siku zake na fedha zake kwa matembezi?

Wazee wengi husema, Si halali. Husema, Mtembezi hula miguu yake. Vijana nao huwajibu kwa methali nyingine: Mkaa bure si sawa na mtembea bure. Methali zote mbili ni za wahenga, na kila mtu huichukua ile impendezayo. Basi yatupasa kulitazama jambo hili kwa utaratibu, tusije tukamhukumu ndugu bure, wala tusije tukajisamehe bure.

Kwanza tuwasikilize wazee, maana neno lao si la kudharauliwa. Wamewaona watu waliouza maharage yao yote mwezi wa Juni kwa bei ndogo, wakazila fedha kwa nauli, kwa mavazi ya harusi na kwa pombe. Kisha mwezi wa Novemba wakaenda kununua maharage yale yale kwa bei kubwa, ili wapate mbegu. Wameona watoto wakirudishwa kutoka shuleni kwa kukosa daftari, hali baba yao ana picha nyingi za safari katika simu yake. Chungu asifiwaye katika kitabu cha Mithali hukusanya chakula chake wakati wa mavuno. Hangojei njaa ibishe hodi. Mtu atembeaye kwa chakula cha watoto wake hatembei, bali aiba.

Lakini tukiishia hapo, tutakuwa tumesoma nusu tu ya Maandiko. Maana Mungu mwenyewe alistarehe siku ya saba, naye hakuwa mvivu. Waisraeli waliamriwa kwenda kwenye sikukuu, na iliyo kubwa kwa furaha ilikuwa sikukuu ya vibanda, iliyofanywa baada ya kukusanya mavuno, kama majira yetu haya. Wazazi wa Bwana wetu walikwenda Yerusalemu kila mwaka pamoja na jamaa na rafiki, naye alipokuwa mtoto wa miaka 12 alikwenda pamoja nao. Na wanafunzi waliporudi kutoka kazini wamechoka, hata hawana nafasi ya kula, Bwana hakuwaongezea kazi, bali aliwaita kwenda kando wapumzike. Twasoma habari hiyo katika Marko, mlango wa 6. Basi safari na mapumziko si dhambi. Swali limebaki moja: ni safari ya namna gani?

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Baba zetu wa Buha walikuwa na safari yao ya kiangazi, na safari hiyo ilikuwa ya kwenda Uvinza kutengeneza chumvi. Huko karibu na mahali mto Ruchugi uingiapo Malagarasi ziko chemchemi za maji ya chumvi. Wakati wa mvua maji ya mito hufurika, yakachanganyika na maji yale, na nguvu yake hupungua. Kiangazi kikija mito hushuka, maji ya chemchemi hubaki makali, ndipo watu walipokuja kutoka Buha, Unyamwezi na nchi nyingine. Walipiga kambi, wakakata kuni, wakachemsha maji katika vyungu vya udongo hata yakakauka na chumvi ikabaki. Waliwatolea watawala wa Uvinza fungu lao, na chumvi iliyobaki waliichukua mpaka kwao. Wataalamu waliochimba huko katika miaka ya 1960 waliona ya kuwa kazi hiyo ilifanyika kwa muda wa zaidi ya miaka 1,000.

Angalieni, wapendwa, jinsi safari ile ilivyokuwa. Ilifanyika kwa wakati wake, baada ya mavuno. Ndani yake yalikuwamo mazungumzo, ngoma, na kujuana na watu wa nchi nyingine, wala hapana aliyeona vibaya. Lakini mtu aliporudi, watu wa nyumbani hawakumwuliza kama alifurahi. Walitazama mzigo wake. Kama mzigo ulikuwa na chumvi, mboga ya nyumba nzima ilikolea, na jirani naye alipata kidogo.

Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha safari zetu: Je, umerudi na chumvi? Leo hatuendi tena kuchemsha maji Uvinza, na safari iliyokuwa ya siku nyingi kwa miguu, basi huimaliza kwa siku moja. Lakini chumvi ipo ya namna nyingi. Kijana aendaye Ujiji, akasimama mahali Stanley alipomkuta Dr. Livingstone mwaka 1871, asipige picha tu na kuondoka. Na akumbuke ya kuwa njia ile ile iliyotoka Ujiji kwenda pwani ilipitisha watu waliofungwa minyororo, kisha ajiulize kama nyumbani kwao hakuna mtoto wa jamaa afanyishwaye kazi kama mtumwa. Akienda Gombe, akumbuke Jane Goodall, aliyefika huko mwezi wa Julai mwaka 1960, kiangazi kama hiki. Hakupita kwa haraka. Alikaa, akatazama kwa saburi, hata mwaka ule ule akaona sokwe akitumia kijiti cha nyasi kutoa mchwa katika kichuguu, jambo ambalo wataalamu wengi walidhani ni la wanadamu peke yao. Mwenye macho ya namna hiyo akirudi kwao ataviona hata vichuguu vya kwao. Na yule aendaye kwa ndugu aliyekosana naye miaka mingi, akala naye ugali na kupatana, huyo ameleta chumvi kupita wote.

Lakini kipo kipimo cha pili, nacho kilinigusa mimi mwenyewe, na kwa sababu hiyo sioni haya kukieleza. Mwaka mmoja nilikwenda Kigoma pamoja na kwaya, nikakaa huko siku tisa. Niliporudi jioni, niliketi mlangoni nikamweleza mke wangu habari za ziwa Tanganyika, jinsi lilivyo pana, hata milima ya Kongo huonekana ng'ambo kama kivuli, na jinsi maji yake yalivyo maangavu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, na huko kina mama huchota karibu?"

Sikuwa na jibu. Maana kisima kilicho karibu nasi kilikuwa kimekauka katika siku zile tisa, naye alikuwa akishuka bondeni alfajiri, akapanda na dumu la lita 20 kichwani, kisha akashuka tena mara ya pili, huku akilisha mbuzi wangu, akianua maharage yangu, na kuwapokea wageni waliokuja kunitafuta. Nilikuwa nimepumzika, lakini kazi yangu haikupumzika. Ilikuwa imehamia kwake, juu ya kazi yake mwenyewe. Wala hakunilaumu. Aliuliza tu.

Tangu siku ile nimeona ya kuwa kiangazi si majira mamoja kwa watu wote. Kwa mwanamume ni wakati wa kupumzika, maana jembe limetulia. Kwa mwanamke mara nyingi ni wakati mgumu, maana maji yako mbali na sherehe ni nyingi, na kila sherehe ina vyungu vyake, kuni zake na wageni wake. Tukisema, "Tumepumzika," yafaa tuulize ni nani aliyemo katika neno hilo.

Hili si neno langu. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, Dr. Martin Luther alipoeleza amri ya tatu alifundisha ya kuwa siku ya mapumziko yahitajiwa pia kwa ajili ya mwili, hasa kwa watumishi wa kiume na wa kike ambao wameshughulika na kazi zao juma zima. Nayo Torati, katika Kumbukumbu mlango wa 16, haimwamuru mwenye shamba afurahi peke yake. Yawataja wana na binti, watumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Furaha ya sikukuu ilipimwa kwa wale walio chini. Kama mjane amebaki jikoni, sikukuu haijatimia.

Mgeni naye ametajwa, na sisi wa nchi hii hatuwezi kulipita neno hilo. Barabara zetu zimeona wasafiri wa namna nyingine. Mwaka 1972, tena mwaka 1993, tena mwaka 2015, ndugu zetu wa Burundi walivuka mpaka na vitanda vichwani na watoto mgongoni. Hapa kwetu Kakonko kambi ya Mtendeli iliwapokea wengi mpaka ilipofungwa mwaka 2021. Na babu zetu wenyewe, wakati wa utawala wa Waingereza, walikwenda kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, wakitafuta fedha ya kodi. Na wengine hawakurudi. Hao wote walisafiri, lakini hawakutembea. Basi mtu awezaye kuondoka nyumbani kwa kupenda kwake, akijua ya kuwa atarudi na kuukuta mlango wake, amepewa zawadi, na zawadi haidharauliwi, wala hailiwi kwa ubinafsi.

Mwaka uliofuata nilikaa nyumbani, na mke wangu akaenda kwa dada yake, akakaa siku tisa. Nilichota maji mwenyewe. Siku ya kwanza vijana walicheka waliponiona na dumu, na mzee mmoja aliniuliza kama mke wangu amenikimbia. Siku ya nne nilikuwa nimeujua mteremko ule kwa magoti yangu. Aliporudi alileta mbegu za mboga tusizokuwa nazo, na uso ambao sikuwa nimeuona tangu tulipooana. Hiyo ilikuwa chumvi ya safari yake. Na mimi niliyebaki nilipata yangu: sasa sisemi tena "maji" kama mtu asiyejua uzito wake. Baada ya mavuno yaliyofuata, wanaume wa mtaa wetu tulikwenda kukichimbua kile kisima cha karibu.

Basi wazee wasema kweli, na vijana wasema kweli, lakini kila mmoja ameshika upande wake. Walimu na wainjilisti, nawaomba mwafundishe washarika wetu mambo haya. Mtu aweke kwanza akiba ya chakula, ya mbegu na ya shule, kisha atoe nauli katika kilichobaki. Mume na mke waende pamoja ikiwezekana, na kama haiwezekani, waende kwa zamu, wala zamu ya mke isiwe ya mwisho kila mwaka. Kwaya ikialikwa, iwachukue na wajane wawili watatu ambao hawajapanda basi tangu waolewe. Na kila arudiye asimame mbele ya wenzake, aseme alichojifunza.

Kiangazi ni kifupi. Hata sasa mwezi wa Oktoba waja, na jembe latungoja ukutani. Aendaye na aende kwa amani, na abakiye na abaki kwa amani. Lakini nyumbani mwako pakiwa na mtu asiyepata kwenda popote miaka yote hii, mwulize leo jioni angependa kuona nini. Kisha lichukue dumu.