Shifaa ya Jeraha

Tabibu apasuaye tumbo la mgonjwa mjini Sumbawanga, akiisha kulishona na kulifunga bandeji, kazi iliyobaki si yake tena. Maana damu huganda yenyewe, chembe zake nyeupe huja kula vijidudu na nyama iliyokufa, na baada ya siku chache nyama mpya huota chini ya mshono, ambao nyuzi zake kwa kawaida hutolewa baina ya siku ya 7 na ya 14. Hakuna binadamu awezaye kuiamuru nyama iote. Wafipa, wenyeji wa huko, ambao wengi wao ni Wakatoliki, husema kuwa Mungu ndiye aponyaye, wala sina hoja ya kuikana kauli hiyo; shaka yangu i katika matumizi yake, kwa kuwa kinywa kimoja huitoa kuwa shukrani, na kingine huitoa kuwa udhuru wa kufunua kidonda kwa mikono isiyonawa.

Adrian Atiman, mzaliwa wa pande za Timbuktu, aliyeibwa na kuuzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta, alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawa katekista na tabibu kwa pamoja mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 22 kabla ya kufika kwake, tabibu mpasuaji Joseph Lister alikuwa ametangaza kwamba jeraha lililosafishwa kwa asidi ya kaboliki huweza kuepukana na usaha. Katika mtu kama Atiman sioni ugomvi wa imani na sabuni: ikiwa uwezo wa kupona ni amana ya Maulana mwilini, uchafu ni hiana kwa amana hiyo.

Wala fardhi hii ya kuilinda amana haimlazimu mgonjwa peke yake. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji huusiwa asiinue vitu vizito kwa muda wa wiki 6 hivi, na kovu lake, hata likikomaa, halipiti kiasi cha asilimia 80 ya nguvu ya ngozi ya awali. Lakini majira ya ntumba, yale matuta ya mviringo ya Wafipa ambamo nyasi hufukiwa zioze na kuurutubisha udongo, hayamngoji mtu. Kumuusia subira, kisha kumwachia ndoo na jembe, ni dhihaka, hata ikisemwa kwa upole. Basi kila nisikiapo jamaa wakimwombea mzazi wa namna hiyo, nami huitikia amina kwa moyo safi, kisha huuliza ni nani aliyekwenda shambani badala yake.