Historia Iko Kaloleni

Wikendi ya Mashujaa, mitaa ya Eastlands, Nairobi, hutulia, gwaride likaonekana kwenye runinga, na historia ikadhaniwa imeishia hapo. Nashikilia kuwa sikukuu hii ya Oktoba 20 yafaa kusomwa kuliko kutazamwa, na ushahidi umo mtaani humu. Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, wakati wengi walithubutu kuomba mageuzi tu. Mei 15 alikamatwa pamoja na kiongozi mwenzake Fred Kubai. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, naye Singh akazuiliwa hadi 1961. Hotuba za sikukuu ni fupi mno kuwabeba wagomaji wale. Kitabu cha Singh cha 1969 kuhusu vyama vya wafanyakazi kinawabeba.

Wapo watakaosema kwamba mchovu wa kazi ana haki ya kulala, na vitabu ni ghali. Kulala ni haki, sipingi. Lakini Kaloleni ina maktaba ya umma, tawi la McMillan, na waliogoma 1950 walikuwa vibarua wenye uchovu uu huu.