Je, Ni Haki Mtoto Mmoja Apewe Zaidi?



Katika mikutano ya wazazi huku kwetu, kuanzia Rhino Camp na Imvepi hadi Lobule kule Koboko, na hata kwa ndugu zetu waliopanga vyumba mjini Arua upande wa Ayivu, liko swali ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Darasa lina watoto zaidi ya mia moja na mwalimu mmoja. Je, ni haki mwalimu huyo akae robo saa na mtoto mmoja asiyeona, huku wengine wakingoja? Wengine husema kwa uchungu zaidi: vitabu vya kawaida havitoshi, itakuwaje tutafute vya nukta nundu?

Tusiwakemee wanaouliza hivyo. Ni wazazi, na kila mzazi humtakia mtoto wake mema. Lakini swali lao linahitaji jibu, na jibu lenyewe lisisimame juu ya huruma peke yake, kwa maana huruma huchoka.

Kwanza tuangalie sheria za nchi hii iliyotupokea. Serikali ya Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi bila karo mwaka 1997, ilianza kwa kulipia watoto wanne wa kila nyumba. Katika hao wanne, mtoto mwenye ulemavu alitakiwa kutangulizwa. Tufikirie jambo hilo. Katika nyumba nyingi, pesa zikipungua, yeye ndiye anayekuwa wa kwanza kubaki nyumbani. Sera ile iligeuza mpangilio huo: wa mwisho akawekwa mbele. Baadaye kikomo cha watoto wanne kiliondolewa. Mwaka 2006 ikapitishwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2008 Uganda ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaosema watoto hawa wasome pamoja na wenzao na wapate msaada wanaouhitaji. Mwaka 2020 sheria mpya ilichukua nafasi ya ile ya 2006. Nayo Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inasema mtoto mkimbizi apate elimu ya msingi sawa na mwenyeji. Basi mtoto wetu mwenye ulemavu akiingia shuleni, amesimama juu ya sheria mbili. Hajapewa zawadi na mtu.

Pili, tuseme ukweli: mlango ulifunguliwa kabla ya kiti kuandaliwa. Sheria ya 2006 iliandika kwamba asilimia 10 ya matumizi ya elimu iende kwa wanafunzi wenye ulemavu. Fedha hazikufika kiwango hicho. Mzigo ukamwangukia mwalimu, ambaye hajafundishwa nukta nundu wala lugha ya alama, na bado ana watoto mia moja mbele yake. Kuwapo darasani si kusoma. Mtoto asiyesikia anaweza kukaa kwenye benchi mwaka mzima, jina lake likaitwa kila asubuhi, na asipate neno hata moja. Tena lugha ya alama ya Uganda si ile ya Kongo. Mtoto aliyejifunza alama zake kule akifika hapa huanza upya, wakati kaka yake anayesikia bado anaweza kuongea Kiswahili, Kilingala au Kikakwa na majirani.

Sasa turudi kwenye swali. Wanaosema si haki wanafikiri kwamba haki ni kila mtu kupata kipande kinacholingana na cha mwenzake. Lakini hata wao hawaishi hivyo. Kwenye bomba la maji mama mjamzito hupishwa, na hakuna anayeita jambo hilo wizi. Katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, mtahiniwa mwenye ulemavu huongezewa dakika 45, na asiyeona huletewa karatasi ya nukta nundu. Maswali ni yale yale. Muda ule haumpi majibu. Unamwezesha tu kufika mahali ambapo wenzake walianzia.

Mtu atajibu: hayo ni madogo, hayanyimi mtu chochote. Darasani, robo saa ya mmoja ni robo saa ya wengine. Ni kweli, na tusikwepe. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilipotupanga katika makundi matatu, wenye shida kubwa walibaki na asilimia 60 ya posho, waliofuata asilimia 30, na kundi la tatu halikupata kitu. Tuliona uchungu wa kugawana kidogo kwa kufuata shida ya kila mtu. Zipo nyumba zilizowekwa katika kundi lisilozifaa, nazo zililalamika kwa haki. Lakini hata katika malalamiko yale, ni wachache waliosema kwamba mjane mgonjwa asingestahili kutangulizwa. Walilalamikia jinsi watu walivyopimwa. Na tulijifunza pia kwamba chungu kikiwa kidogo, tusigombane na mwenye njaa kuliko sisi. Tumwulize aliyepunguza chungu.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote. Hoja inayosema "hakitoshi, basi huyu angoje" inaweza kutugeukia sisi wenyewe. Shule hizi ziko kwenye ardhi ya wenyeji. Watoto wa Arua na Koboko nao hawana madarasa ya kutosha. Watoto wetu wengi waliopoteza miaka barabarani huhitaji masomo ya kuharakishwa. Waliosoma kwa Kifaransa huhitaji msaada wa Kiingereza. Hivi vyote ni kupewa zaidi. Kama wenyeji wangetupimia kwa kipimo tunachotaka kumpimia mtoto asiyeona, tungekuwa wapi? Wao hawakufanya hivyo. Wazee wa West Nile wanakumbuka walivyokimbilia Zaire na Sudan baada ya mwaka 1979, na wanajua mgeni huanza akiwa nyuma. Hatuwezi kupokea kwa kipimo kimoja na kugawa kwa kingine.

Tena Maandiko yanatupa mfano wa mtoto aliyepata ulemavu katika kukimbia vita. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na miaka mitano habari mbaya zilipofika. Yaya wake akambeba akikimbia kwa haraka, mtoto akaanguka, akalemaa miguu. Akina mama wangapi kati yetu wanaijua safari kama hiyo! Daudi alipomwita baadaye, alimpa nafasi mezani. Lakini hakuishia hapo. Alimrudishia mashamba ya babu yake na kumwagiza Siba, pamoja na wanawe 15 na watumishi 20, wamlimie. Nafasi na msaada vilikwenda pamoja. Daudi hakumwambia yaya yule yule aendelee kumbeba peke yake.

Hapa ndipo tunapowakumbuka walimu. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, na taasisi mpya ya ualimu imeweka kampasi yake mojawapo Muni, hapa Arua. Lengo ni jema: mtoto mwenye ulemavu ndiye anayeumia zaidi mwalimu asipojua kazi. Lakini mwalimu anayelipa karo ya chuo na ya watoto wake kwa mshahara ule ule anabeba gharama ya ahadi iliyotolewa na wengine. Vivyo hivyo mwalimu msaidizi mkimbizi, mwenye diploma ya Kongo isiyotambuliwa bado, anayejua lugha ya nyumbani ya mtoto. Misaada ilipopunguzwa mwaka 2025, wengi wa namna hii walipoteza kazi. Kumwambia mwalimu "pokea kila mtoto" bila kumpa mkono wa pili ni kumtwisha wajibu wa taifa zima.

Basi jibu letu ni hili: ndiyo, ni haki mtoto mmoja apewe zaidi, lakini si haki zaidi hiyo itoke kwa mwalimu mmoja na mama mmoja. Itoke kwa serikali iliyoandika sheria, kwa mashirika yanayopanga bajeti, na kwa sisi pia.

Kwa upande wetu, tusimfiche mtoto ndani, apelekwe akaandikishwe. Vijana wa kanisa wanaopita njia ile ile wamsindikize asiyeona. Katika mikutano ya wazazi tuulize kwa adabu kuhusu msaidizi wa darasa, na tuulize tena mwezi ujao. Walio viziwi katika usharika watufundishe alama, ili mtoto asiyesikia akija ibadani apate wa kumsalimu. Haya hayahitaji mfadhili.

Bwana awatie nguvu walimu wetu, na awabariki watoto wote, wanaotangulia na wanaongojwa.