Utu wa Mwizi

Juni 1995, katika kesi ya Makwanyane, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifuta adhabu ya kifo. Jaji Yvonne Mokgoro na baadhi ya wenzake waliegemea ubuntu: hata muuaji ana utu.

Naisoma hukumu hiyo kwa ajili ya tasnifu, namkumbuka kijana aliyepigwa mtaani kwetu kwa kuiba simu. Waliompiga ndio waliotuchangia tulipomzika bibi. Mtu ni watu, sawa. Watu wakikukana, unabaki nani?

Neno ubuntu lilikuwamo katika Katiba ya mpito ya 1993. Katika ile ya 1996 halimo. Imebaki heshima ya utu wa kila mmoja. Nilikuwa nikiona hiyo ni hasara. Siku hizi nasita. Nilikuwa dirishani, nikiwajua wote kwa majina isipokuwa yeye.